Safu Saba za Misaji

Mfungo Mosi, tarehe 4, Alhamisi

Leo kaja mwanamke kuniambia nikate miti yangu.

Nilikuwa uwanjani nafagia, nimefunga zile sita za baada ya Ramadhani, nikamwona anashuka kwenye pikipiki na suruali yake na mabuti yenye tope mpaka magotini. Shikamoo bibi, naitwa Konsolata, kwetu Tanga, natoka idara ya misitu. Marahaba. Kabla sijamkaribisha kafungua chupa ya maji akanywa mbele yangu, gudu gudu gudu, tena akajifuta mdomo kwa mkono wa shati. Nimeona kinyaa. Huko kwao Tanga sijui wanafunzwa nini.

Kasema, "Bi Moza, misaji yako imebanana. Ina miaka kumi na miwili, haijapunguzwa hata mara moja. Ukiiacha hivi utavuna fito, mbao hutaziona. Karibu nusu lazima iondoke."

Nikamwambia, "Kwenu mkizaa wengi mnawaua nusu?"

Kacheka. Mie sikucheka. Kaniachia karatasi ya ruhusa ya kukata, ina muhuri wa bluu. Nimeitia chini ya godoro ilale huko.

Daftari hili kanipa Shamima, mjukuu wangu ninayekaa naye, anasomesha chekechea. Kasema, "Bibi, yaandike humu, masikio yangu yapumzike." Hana adabu, lakini mkono wake wa mchuzi ni mzuri.

Mfungo Mosi, tarehe 5, Ijumaa

Mvua. Tope mpaka mlangoni.

Mfungo Mosi, tarehe 7, Jumapili

Kapita Kificho, jirani yangu, shoka begani. Kificho ana vitu viwili duniani, shoka na ulimi, na vyote kavinoa.

"Bi Moza, nasikia serikali inataka kukupunguzia fito zako."

"Ziite fito. Siku ukihitaji kiunza cha kukufunikia kaburini utazijia mbio."

"Kwa unene ule, Bi Moza, kiunza changu kitafunika mguu mmoja tu."

Nimemgeuzia mgongo. Lakini niandike mambo yalivyo, maana watu hupenda kusahau. Mikarafuu ya marehemu mume wangu ilipokauka, wenzangu walikaa kulia. Mie nilitafuta miche ya misaji, hii ambayo vijana wanaiita mitiki, nikaipanda kwa mkono wangu, hatua mbili mbili, safu saba, kila safu miche thelathini. Wajukuu wangu ni saba. Kila mmoja nikampa safu yake mbele ya mashahidi, hiba iliyotimia, ili nikifa wasije wakashikana mashati. Safu nne za watoto wa mwanangu Nassor. Safu tatu za watoto wa binti yangu Asya, aliyeolewa Tumbe. Shamima ni wa Asya.

Mwaka wa tano alikuja bwana misitu mmoja kuniambia haya haya ya kupunguza. Nilimfukuza kwa ufagio. Miti ya wajukuu zangu, niikate ikiwa ndiyo kwanza inapendeza?

Mfungo Mosi, tarehe 9, Jumanne

Yule mwanamke karudi. Leo hakunywa maji. Sijui nani kamsuta.

Tumeingia kwenye misaji pamoja. Ndani ni giza kama ghalani. Chini hakuna hata jani la mchicha, mvua imechimba mifereji mpaka mizizi imebaki nje kama vidole vya maiti. Miti imekwenda juu, myembamba, kila mmoja na kishungi cha majani kileleni, mafagio yaliyosimamishwa. Nilikuwa sijaingia huko ndani muda mrefu. Huiona kutoka barazani, na kutoka barazani inapendeza.

Konsolata kasema, "Juu inapigania jua, chini inapigania chakula. Yote inashindwa."

Tukafika pale pengo lilipo, katikati, kwenye safu za watoto wa Nassor. Akauliza hapa pana nini.

"Mwizi," nikamwambia. "Mwaka ule ule wa tano. Alikata sita kwa mpigo, ikaenda kuwa nguzo za banda la mtu. Nikamsomea halbadiri. Na kila Ijumaa tangu hapo namwapiza."

Katoa utepe wake akauzungusha kwenye msaji ulio ukingoni mwa pengo. "Themanini na mbili." Akenda hatua kumi ndani, akapima mwengine. "Thelathini na nane." Akarudi pengoni, akalizunguka lote. Iliyolizunguka ni tisa, na yote tisa imenenepa namna hiyo.

"Bibi, ilipandwa siku moja?"

"Asubuhi moja."

"Udongo mmoja, mvua moja?"

Nikaupapasa ule mnene kwa kiganja.

"Basi tangu imepandwa, aliyeifanyia kazi miti hii ni mwizi peke yake."

Nimetema mate chini. Sikutema kwa sababu yake. Nilijisikia mdomo umejaa uchungu.

Mfungo Mosi, tarehe 10, Jumatano

Nimekwenda peke yangu na ukanda wa kanga. Nilitaka yule mwanamke awe mwongo. Msaji mwembamba, ukanda umeuzunguka mara mbili na ncha zikaning'inia. Mnene, ukanda haukutosha hata mara moja. Nimepima yote tisa. Nimerudia.

Si mwongo.

Miaka saba nimemwapiza mtu aliyejua kazi kuliko mie. Nimeomba ile halbadiri ifutwe. Nimeomba kwa sauti ndogo, Shamima asisikie.

Mfungo Mosi, tarehe 14, Jumapili

Nimewaita. Nassor kaja amevaa kanzu iliyopigwa pasi, siku hizi anajenga nyumba ya tofali na anatembea kama nyumba yenyewe. Asya kaja na gari ya samaki kutoka Tumbe, ananuka dagaa. Nimewapeleka wote pengoni wakaone ile tisa. Nassor kaukumbatia mmoja, akaupiga piga kama mtu anayenunua ng'ombe. Nilifurahi. Nilidhani kaelewa.

Konsolata kaja na kopo la rangi nyekundu. Kasema unaopinda unatiwa alama, wenye vichwa viwili unatiwa alama, uliozidiwa na wenziwe unatiwa alama. Ulionyooka ukanenepa unaachwa. Akapita safu zote akitia rangi, na mie nyuma yake. Kazi yake safi, siwezi kusema uongo.

Halafu wakahesabu.

Nassor: "Safu ya Hudhaifa inatoka ishirini. Ya Shamima inatoka kumi na moja. Mwanangu kakosa nini?"

Asya: "Mtoto wako ana miti iliyopinda, kosa langu?"

"Mama aliipanda vizuri ya kwenu."

"Nassor, mie nimekuja na njaa yangu, usinitie na hasira."

Konsolata kawaambia, "Jamani, mti haujui jina la mtu. Mtazame shamba, msitazame safu."

Nassor kamtazama juu chini. "Weye dada mgeni. Huku kwetu kila mti una mwenyewe."

Mwisho wakaafikiana wao kwa wao. Kila safu itatoka kumi na tano, sawa kwa sawa, na kila mtu atachagua mwenyewe katika safu yake. Konsolata akasema, "Sawa, lakini chagueni mibaya." Wote wakaitika kwa kichwa. Na mie nimeitika, na karatasi ya ruhusa nimempa Nassor kwa mkono wangu. Moza, usije ukajifanya hukuwepo.

Mfungo Mosi, tarehe 17, Jumatano

Mvua.

Mfungo Mosi, tarehe 18, Alhamisi

Mvua. Kuku mmoja kafa. Kificho kapita akauliza fito zimefikia wapi.

Mfungo Mosi, tarehe 23, Jumanne

Nitaandika pole pole.

Nilikwenda Wambaa, kwenye maziko ya binti wa shangazi yangu. Nimekaa siku tatu za hitima. Leo adhuhuri nimerudi, na kabla sijafika nyumbani nimeona mwangaza mahala ambapo hapakuwa na mwangaza. Sikuingia ndani hata kuvua buibui. Nimekwenda moja kwa moja.

Ile tisa haipo. Yote tisa. Visiki vibichi, vya rangi ya asali, vimelowa mvua. Na mingine sita imechaguliwa katika safu zile zile nne, mizuri mizuri. Iliyopinda imesimama. Yenye rangi nyekundu imesimama, inanitazama.

Kificho alikuwa pale anafunga kamba matawi. Nikamwuliza, "Kificho, nani kakata?"

"Mie, Bi Moza."

"Na rangi nyekundu huioni?"

"Naiona. Nassor kasema niache yenye rangi."

"Na weye ukaona ni sawa."

"Mie nimepewa shoka, Bi Moza. Akili wamebaki nayo wenyewe."

Nimekwenda kwa Nassor na matope yangu. Nimemkuta kwenye nyumba yake ya tofali, anampimia fundi miimo ya milango. Misaji yangu imelala pale uwanjani, imeshapasuliwa.

"Mama, karibu. Umeona miimo?"

"Nimeona. Kwa nini umekata ile?"

Kanijibu kwa upole, kama anayemsomesha mtoto, na upole ule ndio ulionichafua roho. "Si nyie mlisema miti inagombania chakula? Mkubwa ndiye anayekula zaidi. Nimeondoa milafi, sasa midogo itapata nafasi ikue. Wakati huo huo na mie nimepata milango. Kuna ubaya gani?"

"Nassor. Mpunga wako, mbegu nzuri unaipika, halafu unakwenda kupanda makapi?"

"Mti si mpunga, Mama."

"Mtoto wa miaka kumi na miwili aliyedumaa, ukimwulia kaka yake atarefuka?"

"Sasa unaapiza wanangu."

"Naapiza akili yako. Ulipiga piga mti ule mbele yangu nikadhani umeelewa. Kumbe ulikuwa unapima mlango."

Fundi akaingia ndani kujificha. Nassor akasimama. Kasema maneno haya, nayaandika kama yalivyo: "Safu ni za wanangu. Ulitupa mwenyewe mbele ya watu. Mti wa mtu haupangiwi. Nikitaka kukata yote kesho, nakata."

Nimerudi nyumbani. Shamima kanipa chai, nimeiacha ipoe. Huyu ndiye niliyemsifu kwa watu miaka arobaini na tano, Nassor wangu, Nassor wangu. Kamfunga goli mama yake kwa mpira alionunuliwa na mama yake.

Mfungo Mosi, tarehe 24, Jumatano

Konsolata kaja. Sikumwita, sijui nani kamwambia, labda Shamima, wana simu hizi. Kachuchumaa kwenye kisiki kimoja, akakifuta tope kwa kiganja, akanionyesha miduara iliyo ndani ya mti.

"Hesabu, bibi. Huu mwaka wa kwanza, wa pili, mipana. Wa nne, wa tano, tazama inavyobanana. Hapa mwizi akaja. Angalia unaofuata."

Mduara unaofuata mpana kama kidole changu gumba. Na mwengine, na mwengine. Mie sikusoma sana, lakini hicho nimekisoma.

Nikamwuliza iliyobaki itapona. Hakunibembeleza, na kwa hilo nimemheshimu. "Zile safu nne za katikati zimetolewa moyo, bibi. Itabaki mizuri michache, tukiichunga itakuwa mbao. Safu tatu nyengine bado ni nzima. Lakini msaji uliobanwa miaka mingi husahau kunenepa. Tukiipunguza masika hii, udongo bado una maji, itaamka. Ukingoja miaka mitatu mingine, hata uipunguze vipi, ndiyo basi."

Nimempa uji. Kanawa mikono bila kuambiwa. Nilikuwa namtazama.

Mfungo Mosi, tarehe 27, Jumamosi

Asya kapiga simu. Kasema, "Mama, mume wangu kapata mtu anaunda boti Tumbe, anataka miti minene. Kaka kachukua yake, na mie nachukua yangu kabla ya Idi ya kuchinja. Sawa kwa sawa."

Nikamwambia, "Mwanangu, miti minene ndiyo miti."

"Kwani Nassor alipokata ulifanya nini?"

Nikakata simu. Kwa hiyo ndiyo mwisho wake. Kila mmoja atachukua mnene wake, na mie nitabakiwa na kile Kificho anachokiita siku zote, fito.

Mfungo Mosi, tarehe 28, Jumapili

Mvua.

Mfungo Mosi, tarehe 29, Jumatatu

Mvua. Nimewaza jambo moja na sipendi kuliandika.

Mfungo Pili, tarehe 3, Ijumaa

Baada ya sala nimekwenda kwa Shehe Hafiz, imamu wa msikiti wetu. Nimekaa kwenye mkeka nimeinama, nimemwuliza, mtu akitoa hiba, anaweza kuirudisha?

Kaniuliza, "Kampa nani?"

"Wajukuu."

Kanisukumia kikombe cha kahawa. Halafu kasema, "Bi Moza, hadithi imekuja kali. Anayerejea alichokitoa ni kama mbwa anayetapika kisha akarudi kula matapishi yake."

Nikataka kunyanyuka.

"Kaa. Haijesha. Isipokuwa mzazi kwa alichompa mwanawe. Na katika madhehebu yetu bibi na babu wamo humo, maadamu kitu kingali mikononi mwa aliyepewa. Kilichokwisha kutoka kimetoka. Ruhusa unayo. Lakini ujue unachokifanya, na ukifanye hadharani kama ulivyotoa hadharani."

Nimetoka pale bila kumaliza kahawa.

Mfungo Pili, tarehe 5, Jumapili

Nimewaita tena. Safari hii na Shehe Hafiz, na mashahidi walewale wawili waliobaki hai, na Kificho kajileta mwenyewe kwa umbea. Nimesimama, sikukaa. Nimesema hivi:

"Misaji niliyowapa wajukuu zangu nimeirudisha. Kuanzia leo hakuna safu ya mtu. Miimo ya Nassor imeshatoka, nimemwachia. Kila mti uliosimama ni wangu."

Nassor kaniangalia kama mtu aliyekuta nyoka kitandani. Asya ndiye aliyesema.

"Mama, unaijua hadithi ya mbwa?"

"Naijua."

"Basi wewe ndiye huyo. Unakula matapishi yako mbele za watu."

Shehe akataka kuingia kati kusema ile iliyobaki, nikamzuia kwa mkono. Nikamwambia Asya, "Umesoma nusu. Nusu ya pili inaniruhusu. Lakini hiyo nusu yako nimeisikia, na ni kweli inavyonuka. Sasa nenda kamwambie mtu wako wa boti atafute miti kwengine."

Kaondoka hakuniaga. Nassor kamfuata. Shamima kabaki anakusanya vikombe. Nikamwuliza, "Na weye, safu yako?"

"Ningekataa ungeichukua vile vile, Bibi. Bora nikupe nipate thawabu."

Kikao kilipokwisha, nimekwenda nyuma ya nyumba nimetapika kweli. Sheria imeniruhusu kula, haikuniondolea ladha.

Mfungo Pili, tarehe 8, Jumatano

Kificho kaja na shoka. Nimemwambia, "Leo unapewa shoka na akili pia. Yenye rangi tu. Ukigusa usio na rangi nitakukata weye." Kasema, "Ewaa." Hakutania. Konsolata kashika kopo, anazitia upya alama zilizofutwa na mvua. Katika safu zile nne imebidi abadilishe mingi, ameacha hata iliyopinda kidogo, kwa kuwa mizuri haipo. Kila akiacha uliopinda namwona Nassor.

Mfungo Pili, tarehe 9, Alhamisi

Kumi na minane imelala.

Mfungo Pili, tarehe 11, Jumamosi

Leo ilifika zamu ya safu ya Shamima. Mna msaji mmoja niliumwagilia kwa ndoo kiangazi kizima kwa kuwa ulitaka kufa. Umepona, umekuwa mrefu, una vichwa viwili. Umetiwa rangi. Konsolata kanitazama, kasema, "Bibi, huu tunaweza kuuacha kama unaupenda."

Nikamwambia, "Nilipenda yote. Ndiyo maana imekuwa hivi. Kata."

Ulipoanguka uligonga mwenziwe, ukateleza, ukalala mbele ya miguu yangu. Majani mabichi niliyoyafikicha yamenitia wekundu mikononi. Nimesugua kwa ndimu, haukutoka.

Mfungo Pili, tarehe 13, Jumatatu

Imekwisha. Imebaki mia moja na minne. Mwanga unafika chini. Udongo uchi, visiki, tope, matawi yamezagaa. Nimeambiwa ndivyo inavyotakiwa kuonekana. Sijapata kuona kitu kibaya kama hiki, na nimekilipia kwa watoto wawili.

Mfungo Pili, tarehe 14, Jumanne

Miti iliyokatwa nimemwambia Kificho achukue aezekee banda. Kasema, "Fito nzuri hizi, Bi Moza." Nikamjibu, "Ndiyo. Fito." Akajitwika mzigo wa kwanza akaondoka bila mzaha. Mara ya kwanza tangu nimjue.

Mfungo Pili, tarehe 26, Jumapili

Mvua imepungua. Chini ya misaji kumeota nyasi.

Mfungo Tatu, tarehe 10, Idi

Asya hakuja. Hakutuma hata mtoto. Konsolata kaja kunipa mkono wa Idi, kavaa gauni refu na mtandio, si dini yake, lakini kavaa. Kabla hajala kanionyesha matawi mapya yanayotoka pembeni kwenye iliyobaki. Kasema vilele vinaanza kutanuka. Nimemwita mwanangu bila kukusudia. Kaitika.

Mfungo Tatu, tarehe 12, Jumatatu

Nassor kaja asubuhi. Kasimama nje kapiga hodi kama mgeni, nikamwacha asimame kidogo, kisha nikamwitikia. Hakuomba radhi, na mie sikumwomba. Tulikwenda misajini bila ya kuambizana. Kapita kwenye visiki vyake tisa, akavitazama, akaendelea kupita. Mikono nyuma.

Halafu kasema, "Mama, nikuulize. Ukifa, hii ya nani?"

"Itagaiwa kwa faraidhi. Wewe mafungu mawili, Asya moja, kama Mungu alivyosema."

"Tutagombana."

"Najua mtagombana. Nilitaka msigombane, nikawapa kila mtu chake, mkagombana na mie ningali hai. Basi gombaneni. Lakini mtagombania mbao."

Nimemwonyesha visiki kwenye safu ya Hudhaifa. Vimechipua tayari, machipukizi marefu kama dhiraa, yanakula chakula cha iliyobaki. Nimempa panga, nimemwambia ayafyeke kuanzia mwanzo wa safu mpaka mwisho, halafu inayofuata. Kavua kanzu kaitundika kwenye tawi. Mpaka adhuhuri nilikuwa nikisikia panga.